Foleni ya Soketi Chuoni: Kabla Hujamcheka Yule Dada wa Korido, Soma Hii Kwanza

Najua wengi wenu mmeingia hapa kutafuta ubuyu wa yule dada wa chuo aliyezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp wiki nzima. Ile klipu ya sekunde kama 20 hivi, usiku, kakaa chini koridoni, kajitanda khanga, kofia ya baridi kichwani, laptopu mapajani, na pembeni yake mlango wa choo. Anayerekodi anacheka, anasema eti yule mnayemwona TikTok anakula bata kila wikiendi ndiye huyu hapa, kahamia korido. Basi watu wakajaa kwenye komenti. Kuna waliosema kafukuzwa geto. Kuna waliosema danga limemkimbia. Mmoja akaandika mpaka bei ya wigi lake.

Jina lake silitaji na chuo chake sikitaji, mnanijua. Lakini yule dada hakufukuzwa popote. Alikaa pale kwa sababu ile ndiyo soketi pekee ya ghorofa ile iliyokuwa inatoa umeme. Nimejuaje? Mdogo wangu wa kike anasoma chuo hichohicho, na wiki hiyohiyo alikaa palepale, upande wa pili wa ule mlango. Yeye hakurekodiwa tu, maana hana wafuasi.

Kwa hiyo leo hakuna ubuyu. Leo naongelea soketi. Usiondoke kwanza, hii inakuhusu hata kama chuo hujawahi kukanyaga. Mimi mwenyewe niliishia form four, chuo huwa nakiona kupitia dirisha la daladala nikitoka hapa Mbalizi kwenda Mwanjelwa.

Muhula uliopita mdogo wangu alikuwa na jaribio la mtandaoni. Ijumaa, saa mbili usiku mpaka saa tatu, maswali 40. Laptopu yake ni ya mtumba, betri imechoka, ikijaa kabisa inakupa dakika 40 ukibahatika. Chumbani kwao wanalala sita, vitanda vya deka, soketi moja, na hiyo moja imepasuka tangu mwaka jana, ukichomeka kitu inalia kama mafuta ya maandazi. Akashuka maktaba saa kumi na moja jioni ili awahi nafasi. Soketi zote zinazofanya kazi zimeshikwa, kila moja ina ekstensheni, na kwenye kila ekstensheni watu watano. Akarudi korido, akakuta foleni. Ikabidi afanye jaribio na chaji aliyokuwa nayo. Alipofika swali la 23 kioo kikazima. Yaani hakuna onyo, hakuna nini, giza.

Akajaribu kumalizia kwa simu. Simu ilikuwa na asilimia 4.

Kwao ili uruhusiwe kufanya mtihani wa mwisho lazima upate 16 kati ya 40 kwenye koswekei. Yeye alipata 14. Alama mbili tu, wadau. Mwalimu akamwambia jaribio lilikuwa wazi kwa kila mtu na wenzake wamefanya, kwa hiyo somo lile amelibeba mpaka mwaka ujao, wenyewe wanaita kukeri. Aliponipigia alikuwa analia, akaniambia, "Kaka, usimwambie mama kwanza." Mama anauza viazi sokoni hapa Mbalizi. Kila akiulizwa kuhusu mtoto wake wa chuo anainua kidevu. Sasa mama aelezwaje kwamba mtoto kafeli kwa sababu ya tundu la ukutani?

Nilikasirika, lakini hasira bila ushahidi ni kelele, na nyie huwa mnanibana kwenye komenti nikija na maneno matupu. Basi Jumamosi moja nikapanda daladala nikaenda mwenyewe. Nikabeba chaja ndogo ya simu, ile yenye kitaa cha bluu, nikaanza kuchomeka kwenye kila soketi niliyoiona na kuandika kwenye daftari. Maktaba: soketi 22, zinazowaka 7. Ukumbi mkubwa wa mihadhara, wanaoingia watu kama 300: soketi 6, na mbili kati ya hizo ziko mbele kabisa kwa ajili ya projekta. Zinazowaka 3. Korido ya bweni: mbili, inayowaka moja, ile ya karibu na choo, ile maarufu. Vimbweta nje, ambako mchana ndiko kila mtu anasomea: sifuri. Jumla soketi 30 na kazi zinafanya 11. Wanafunzi pale ni maelfu.

Nikiwa nimeinama kwenye ukuta wa maktaba, mlinzi akanijia kwa nyuma. Nikamwambia shikamoo baba. Akaitika marahaba, halafu akaniuliza natafuta nini, maana ananiona nabusu ukuta. Nikamweleza. Nilijua atanitoa nje. Badala yake akanipeleka kwenye kibanda chake cha getini akanionyesha soketi yake. Ilikuwa na ekstensheni, na kwenye hiyo ekstensheni zinaning'inia simu saba za wanafunzi, kila moja imebandikwa kikaratasi chenye jina. Akasema, "Ni watoto wa watu, nifanyeje?" Halipwi kitu. Kwa maoni yangu huyo mzee ndiye idara ya TEHAMA ya kile chuo.

Sasa nikisema haya najua majibu yatakayokuja, maana nimeshayasikia yote.

La kwanza: tatizo ni TANESCO, umeme wenyewe haupo. Hili nilikuwa nalikubali zamani. Mwisho wa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 sote tulikuwa kwenye mgawo, saluni zimefungwa, juisi zinaharibika, hakuna aliyepona. Lakini mwezi wa 2 mwaka 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere ukaanza kuzalisha, na mpaka 2025 mitambo yote tisa ilikuwa imekamilika, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Kule Iringa wana Mtera jirani yao kabisa, megawati 80. Umeme unakatika bado, sikatai, mvua kubwa ikipiga huku kwetu unajua kabisa leo ni mshumaa. Ila siku ile nahesabu soketi, taa zote za maktaba zilikuwa zinawaka. Feni moja ilikuwa inazunguka, kwenye baridi ya Mbeya hii, sijui inampepea nani. Umeme ulikuwepo mpaka ndani ya jengo. Ulikwama kwenye hatua ya mwisho, ya sentimita kumi tu kutoka kwenye waya mpaka kwenye chaja ya mtoto.

La pili: wanunue pawabenki. Sawa. Pawabenki nayo inachajiwa wapi? Kwenye jua la mwezi wa 7 hapa Mbeya? Halafu pawabenki nyingi zinazouzwa barabarani zinajaza simu, laptopu hazina habari nayo.

La tatu ndilo zito, na hili nitalijibu taratibu kwa sababu lina ukweli ndani yake. Linasema wanafunzi wenyewe ndio wanaua soketi, wanachomeka hita za maji na majiko ya koili na mapasi, umeme unazidiwa, siku moja bweni litaungua, kwa hiyo bora zizimwe.

Hilo la moto si la kucheka. Tumeshazika watoto nchi hii kwa sababu ya mabweni kuungua, kwa hiyo mkuu wa chuo anayeogopa moto ana haki ya kuogopa. Na wanafunzi, wanangu, tuambizane ukweli: nyie nanyi mna mchango. Soketi zetu za Tanzania ni za matundu matatu, lile la juu la ethi lina kazi yake. Ukichomeka plagi ya miguu mitatu, mguu mrefu wa juu ndio unaofungua vifuniko vidogo vya ndani vinavyoziba matundu mawili ya chini. Nyie mna chaja za miguu miwili, mnachukua kifuniko cha kalamu ya Bic mnakisokomeza kwenye tundu la ethi ili vifuniko vifunguke, halafu mnalazimisha chaja iingie. Nimefanya hivyo mimi, umefanya hivyo wewe, na dada yako naye kafanya. Ukirudia hivyo mara mia tatu, vyuma vya ndani vinapanuka, plagi inakaa legelege, inatoa cheche, inapata moto, plastiki inayeyuka. Ndiyo ile sauti ya maandazi. Fundi umeme mmoja wa hapa Mbalizi alinifungulia soketi ya namna hiyo nikaona kwa macho yangu, ndani ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kijijini, na kipande cha kalamu kimekwama humohumo.

Huyo fundi ndiye aliyenifundisha hesabu ambayo nadhani kila kiongozi wa serikali ya wanafunzi angetakiwa kuijua kabla hajapanda jukwaani kuomba kura. Mzunguko mmoja wa soketi kwenye jengo mara nyingi unafungwa na breka ya ampia 32. Umeme wetu ni volti 230. Zidisha, unapata wati 7,360. Chaja ya laptopu ya kawaida inakula wati 65. Maana yake mzunguko mmoja tu, ukiwa salama, unabeba laptopu zaidi ya 100 kwa wakati mmoja. Birika la umeme ni kama wati 2,000. Mzunguko uleule ukiweka mabirika manne, kwaheri, umeshazidiwa. Kumbe mtoto anayesoma kwa laptopu na mtoto anayechemsha maji ya kuoga wanapewa adhabu moja, wakati mmoja anakula umeme mara thelathini ya mwenzake!

Nikamuuliza fundi, sasa inakuwaje. Akasema ni rahisi, tenganisha. Sehemu za kusomea zipewe mzunguko wao wenyewe wenye breka ndogo, hata ya ampia 6 au 10. Breka ya ampia 6 ni wati 1,380, hapo laptopu 20 zinasoma bila wasiwasi. Mjanja akileta birika lake juu ya hizo laptopu, breka inakata, na watu 20 wenye hasira wanamgeukia palepale. Hakuna haja ya kumwita mlinzi. Na maji ya moto? Hilo nalo lizungumzwe, kwa sababu ukimwambia mtoto aliyetoka Tanga au Mtwara aoge maji ya bomba saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa 6 hapa Mbeya, atatafuta hita hata ukimfukuza chuo. Ila hiyo ni mada nyingine, nitakuja nayo baridi ikianza.

Turudi kwenye hela, maana wakubwa wanapenda hela. Simu nyingi za sasa zina betri ya 5,000. Kuijaza kutoka sifuri, ukiweka na umeme unaopotea njiani, ni kama sehemu moja ya arobaini ya uniti moja ya LUKU. Kwa mita ya kawaida 10,000 inakupa uniti kama 28, kwa hiyo uniti moja ni kama shilingi 356. Gawa kwa 40. Kujaza simu moja ni shilingi 9. Tisa, wadau. Laptopu nayo haizidi 30.

Nje ya geti la kile chuo kuna kibanda cha kuchaji. Simu 500, laptopu 1,000. Simlaumu kijana wa pale, analipa pango na ni mtafutaji kama mimi. Nauliza tu: mdogo wangu anachaji simu kila siku na laptopu mara tatu kwa wiki, hiyo ni 6,500 kwa wiki. Muhula wa wiki 16 ni 104,000. Kwa mwenye bumu la HESLB, ambalo chakula na malazi ni 10,000 kwa siku, hizo ni siku kumi za kula na kulala zimeingia kwenye betri. Asiye na bumu ndiyo usiseme. Na kile ambacho kingemgharimu shilingi 9 ukutani, kibandani anatoa 500.

Kuzitengeneza je? Soketi 19 zilizokufa pale, hata ukikadiria 10,000 kila moja na fundi ukampa 100,000 yake, hujafika laki tatu. Fundi alinionya nisiandike kana kwamba ni kubadilisha vifuniko tu, kwa sababu nyaya za zamani nazo zinapimwa, ethi inapimwa, na ukikuta waya umeungua ndani ya bomba kazi inakua. Sawa, izidishe mara mbili. Izidishe mara tatu. Bado ni hela ambayo ukumbi mmoja wa sherehe hapa mjini unakodiwa kwa usiku mmoja.

Na hapo kwenye sherehe ndipo nilipoishiwa uvumilivu kabisa. Mwaka jana kile chuo kilikuwa na usiku wa kuwakaribisha wapya. Akaletwa msanii mkubwa, hamuhitaji jina, mwenye nyimbo zinazopigwa kila bajaji ya jiji hili. Ikaja jenereta ya kwenye lori, taa za rangi, spika za kutikisa bati mpaka kwa majirani. Mdogo wangu anasema kuna kundi la wanafunzi halikuangalia shoo kabisa. Walizunguka nyuma ya jukwaa, wakaongea vizuri na vijana wa mitambo, wakachomeka laptopu zao kwenye ekstensheni za mziki wakafanya asaimenti mpaka saa sita usiku huku besi inawapiga kifuani. Msanii kaimba, kalipwa, kaondoka na Prado lake. Nampenda na nyimbo zake nazicheza. Lakini umeme wa uhakika chuoni kuja kwa lori mara moja kwa mwaka pamoja na msanii, hapana jamani.

Kuna mwingine simwachi. Mgombea mmoja wa uraisi wa wanafunzi, kijana mtanashati, suti ya bluu, anaongea mpaka unataka kumpa dada yako. Kampeni yake nzima ilikuwa soketi. Kila kimbweta soketi, kila chumba soketi mbili, watu wakapiga kelele, akashinda. Miezi minne baadaye ikatoka picha kwenye ukurasa wao: prezidaa na mawaziri wake wanne, wote wameshika kwa pamoja, wanatabasamu, wanakabidhi maktaba ekstensheni moja ya matundu sita. Moja! Watu watano wameshika ekstensheni moja kama wanakata utepe wa daraja. Nasikia na yenyewe imeshaungua.

Tuache utani. Kwa nini majengo yako hivi? Kwa sababu mengi yalijengwa wakati mwanafunzi anakuja na daftari na kalamu, basi. Angalia historia ya vyuo vya huku kwetu. MUST pale Iyunga ilianza 1986 ikiitwa Mbeya Technical College. Mkwawa kule Iringa ilikuwa sekondari kabla ya kuwa chuo kikuu kishiriki mwaka 2005, na majengo ya mwanzo ni ya tangu wakoloni. Mchoraji wa enzi hizo aliweka soketi moja mbele kwa ajili ya mwalimu na moja nyuma kwa ajili ya mfagizi, na kwa wakati wake alikuwa sahihi. Hata sisi wa juzi tu, simu ya tochi ilikuwa inakaa na chaji wiki nzima, nani alikuwa anatafuta soketi darasani?

Ila vyuo ndivyo vilivyohama. Maombi ya chuo mtandaoni. Maombi ya mkopo mtandaoni. Ada unalipa kwa kontrol namba kwenye simu. Ratiba inatumwa WhatsApp na CR saa nne usiku, inabadilishwa saa tano. Madesa ni PDF. Matokeo kwenye mfumo. Jaribio kwenye mfumo, na mfumo ukifunga umefunga. Umemwambia mtoto kila kitu kiko kwenye kioo, halafu pa kuwashia kioo humpi. Basi la kutoka Dar kuja Mbeya, haya mapya, kila siti ina tundu la kuchajia simu, na abiria anakaa humo siku moja tu. Mwanafunzi anakaa miaka mitatu, minne, na amelipa ada.

Kinachonipa haraka ya kuandika ni majengo mapya. Kuna mradi wa HEET wa vyuo vikuu vya umma, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021, na MUST ni mmojawapo wa wanufaika. Vyuo binafsi navyo vinajenga kwa hela zao. Mtu yeyote aliyewahi kujenga hata chumba kimoja anajua kwamba bomba la waya linapita kabla ya plasta. Soketi ikiwekwa kipindi hicho ni hela ndogo. Ukija kukumbuka baada ya rangi, unachimba ukuta, unaziba, unapaka tena, na ule mstari wa plasta unabaki unaonekana kama kovu la kisu. Kwa hiyo kama wewe ni kiongozi wa wanafunzi na chuoni kwenu kuna jengo linapanda, usisubiri siku ya uzinduzi kupiga picha. Nenda sasa, kwa adabu, ulizia mchoro wa umeme, hesabu. Ukumbi wa watu 300 una soketi ngapi? Ziko ukutani tu au zinafika katikati ya viti? Vimbweta je? Wakikujibu kwamba hilo litafuata baadaye, iandike hiyo kauli pamoja na tarehe.

Na kwa majengo ya zamani sidai muujiza. Nadai daftari. Liwekwe maktaba, mwanafunzi akikuta soketi imekufa anaandika namba yake na tarehe, fundi anasaini akitengeneza. Kila soketi ichorwe namba kwa maka. Sasa hivi soketi ikifa hakuna anayejua imekufa lini wala ni kazi ya nani, kila mtu anahamia ya jirani, na ya jirani nayo inakufa kwa kuzidiwa.

Kuna kitu nimekiacha mpaka hapa kwa sababu hakinipi raha kukiandika. Mabinti. Kibanda cha kuchaji kiko nje ya geti, kuvuka barabara, na watu wanakwenda kuchukua simu zao saa tatu, saa nne usiku, kwa sababu vipindi vinaisha jioni. Mdogo wangu huwa anakwenda na wenzake watatu, wameshikana mikono. Kuna wenye vyumba vizuri mtaani, soketi nne ukutani, wanaojua kabisa kwamba binti wa chuo ana asaimenti na hana pa kuchomeka. Wanamwambia njoo uchajie kwangu. Nadhani sihitaji kumaliza. Halafu akionekana anatoka pale alfajiri, tunamrekodi, tunacheka, tunasema mabinti wa chuo.

Yule dada wa klipu angeweza kwenda kuchajia kwa mtu. Kwa umaarufu wake milango ingekuwa mingi. Akaamua kukaa chini kwenye sakafu ya baridi, karibu na choo, afanye kazi yake. Wiki iliyopita nilimtumia ujumbe kumwomba ruhusa ya kuandika hii. Akajibu kwa neno moja, "Andika." Baadaye akaongeza kwamba asaimenti yenyewe aliikusanya dakika sita kabla ya mfumo kufunga.

Mdogo wangu naye anaendelea. Siku hizi anaamka saa kumi alfajiri anashuka korido kabla foleni haijaanza, na ile asilimia 100 akiipata ananitumia picha ya kioo kama vile kashinda tuzo. Mama tulimwambia mwishowe. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Kwani hiyo soketi inauzwaje?" Nikamtajia bei. Akafungua fundo la khanga yake. Ilibidi nimzuie, nikamwambia mama, ukuta si wa kwetu.

Haya, zamu yenu. Wewe uliyeko chuo chochote, Mbeya, Iringa, Dodoma, popote, kesho beba chaja yako pita maktaba yenu uhesabu. Niandikie hapo chini mbili tu: soketi ngapi, zinazowaka ngapi. Jina la mtu usiweke. Na wewe uliyeirekodi ile klipu, najua unanisoma, naomba uifute.